Kiwavi wa Saba wa Agnete

Mke wangu Agnete alikuwa ameshazika viwavi sita. Sisemi kwa mzaha, aliwazika kweli, chini ya waridi lililo karibu na ukuta wa kusini, na mchimba kaburi nilikuwa mimi. Wa kwanza aliuawa na panya. Wa pili na wa tatu waliota ukungu mweupe, ungedhani ni vipande vya mkate vilivyosahaulika kabatini. Wa nne ndiye aliyetuumiza zaidi, maana alifika Machi akiwa mzima, tukashangilia, kisha ndani ya mwili wake wakatoka nzi. Wa tano na wa sita walikauka tu, sina la kusimulia.

Huyu wa saba alimwokota Septemba, kando ya njia ya mchanga inayokatiza nyika nyuma ya kijiji chetu. Alikuwa juu ya lyngi, vile vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, amejinyoosha juani kana kwamba nyika nzima ni mali yake. Urefu wake ulikuwa sawa na kidole changu cha kati, na mimi nina vidole vya fundi. Mgongoni alikuwa na manyoya ya rangi ya kutu, ubavuni meusi, yamelala vizuri kama yaliyochanwa. Ukimgusa anajikunja duara, na vinyweleo vyake vinakuachia mwasho wa siku mbili.

"Huyu ndiye wa mwisho," Agnete aliniambia, huku akimweka kwenye chungu cha udongo kilichojaa kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayotandaa chini ya vichaka.

Nilijua anachosema. Nyumba tulikuwa tumeshaiuza. Tarehe mosi Juni tungehamia mjini, ghorofa ya tatu, karibu na binti yetu Sidsel, kwa sababu goti la Agnete lilikuwa limechakaa na ngazi zetu za mbao zilikuwa zinamtesa. Mjini hakuna nyika. Kwa miaka sita alikuwa ametaka kitu kimoja tu: kumwona nondo wa kiwavi huyu akitoka, amwone kwa macho yake, kisha amwachie aende zake. Hakutaka kumchoma pini wala kumtia kwenye fremu. Kama huyu wa saba angekufa, basi, asingemwona kamwe maisha yake yote.

Mimi ni Preben. Kwa miaka arobaini na moja nilikuwa fundi wa mabomba ya joto katika eneo hili. Watu wamenipigia simu Krismasi wakilia, wajukuu wamevaa makoti mezani, nami nimekwenda na sanduku langu la vifaa nikawarudishia uhai. Kwangu baridi ni hitilafu, na hitilafu hutengenezwa. Kwa hiyo hata miaka sita haikunitosha kuelewa kwa nini mdudu anayependwa hivyo aachwe nje, kwenye chungu kilichofunikwa kipande cha neti, anyeshewe mvua na theluji.

"Agnete, mama, hata ng'ombe ana zizi."

"Huyu si ng'ombe."

"Wala si jiwe."

"Nisikilize, Preben, maana kila mwaka narudia haya haya. Huyu amekula chakula chake chote kabla ya Oktoba. Hatatia kitu mdomoni tena. Hata akiwa nondo hatakula, mdomo wenyewe wa kulia hana. Mafuta aliyonayo mwilini ndiyo hayo hayo ya kumfikisha Mei. Kwenye baridi amelala, hatumii kitu. Mpe joto la bure Januari, aamke aanze kuzurura, halafu uone kama atafika."

Nikasema nimeelewa. Masikio yalielewa. Mikono yangu ilikuwa na mawazo yake.

Hata hivyo, baridi ilipoanza, nilianza kumtazama kwa jicho jingine. Asubuhi moja ya Desemba niliinua neti nikafunua kuvumwani. Alikuwa amejikunja, manyoya yote yana vumbi la barafu. Nikamgonga kwa ukucha, akalia ko, kama kokoto. Nikaenda jikoni kinyonge kumwuliza Agnete kama nitafute koleo la kuchimbia kaburi la saba.

"Amelala," akasema, bila hata kuacha kumenya viazi.

Wiki iliyofuata barafu iliyeyuka, nikamgusa tena. Alikuwa laini, akajikunja zaidi kidogo, kama mtu aliyevutwa blanketi. Baada ya siku mbili akawa kokoto tena. Nimefunga mabomba katika nyumba zaidi ya mia nne, na ninachokijua ni kwamba bomba likiganda linapasuka. Huyu aliganda na kuyeyuka, akaganda na kuyeyuka, na hakupasuka popote. Sikumwambia Agnete, lakini nilimvulia kofia.

Januari Agnete akaenda hospitali kubadilishwa goti. Siku tano. Mlangoni, magongo mkononi, teksi inangoja, alinigeukia.

"Usimguse. Usimpe maji. Na zaidi ya yote, usimwonee huruma."

"Nenda, mama, goti lako ndilo la kuonewa huruma."

Siku ya kwanza nilikuwa mwaminifu. Siku ya pili redio ikatangaza nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, na upepo wa mashariki juu yake. Saa tisa alasiri nilikuwa mezani na mkate mweusi na maini ya kusaga, hita niliyoifunga kwa mikono yangu inanguruma taratibu, na dirishani nakiona kile chungu. Neti ilikuwa imekakamaa. Kuvumwani kimegeuka kijivu. Upepo unakipiga pale kilipo, peke yake, na mimi ndani na soksi za sufu. Nikausukuma mkate kando.

Nikatoka, nikakichukua, nikakiweka bafuni. Bafu letu lina sakafu ya joto, nyuzi ishirini na tatu mwaka mzima, kazi yangu bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikajiambia ni mpaka asubuhi tu, upepo ukipungua nitamrudisha.

Asubuhi nilipoingia kunyoa ndevu nikamkuta amening'inia kwenye neti, anapanda. Alikuwa anatembea kwa mwendo wa mtu mwenye safari, manyoya yamekauka yanang'aa, mrembo kupita kiasi. Nilifurahi kwa muda wa kuchemsha yai. Kisha maneno ya Agnete yakashuka kutoka masikioni hadi mikononi.

Nikampigia simu.

"Goti linasemaje?" nikamuuliza.

"Linauma. Kiwavi je?"

"Yupo."

"Yupo vipi?"

"Yupo... mchangamfu."

Nilisikia vyombo vya chai vikigongana kwenye wodi yao.

"Preben. Kiwavi mchangamfu Januari ametokea wapi?"

"Bafuni."

"Bafuni! Kwenye ile sakafu yako?"

"Nje kulikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, Agnete, na upepo..."

"Sidsel alipokuwa na miezi mitatu, nani alikuwa anamtoa nje kila mchana akalale kwenye kigari, theluji inamwangukia juu ya blanketi?"

"Mimi."

"Nyuzi ngapi?"

"Kumi chini, siku nyingine kumi na mbili. Lakini mtoto hulala vizuri kwenye hewa baridi, kila mtu anajua."

"Kwa hiyo damu yako mwenyewe unaianika kwenye barafu, mdudu wa porini unamkandia miguu!"

Nyuma yake nikasikia wanawake wakicheka. Wodi nzima ya magoti ilikuwa inatusikiliza. Sauti moja nene ikasema, "Muulize kama amemfumia na soksi!" Huyo alikuwa Ketty, wa kitanda cha jirani, mfugaji wa nguruwe tangu ujana wake, ambaye baadaye alikuja kuwa rafiki wa Agnete.

"Namrudisha nje sasa hivi," nikasema.

"Thubutu!" Agnete akafoka. "Umemtoa usingizini, amelegea, ukimtupa kwenye barafu ghafla atakufa. Ngoja." Wakanong'ona, Agnete na Ketty, kama madaktari wawili. "Leo aende stoo, kwenye baridi ya mlango wa nyuma. Kesho bandani. Kesho kutwa nje, upande wa kaskazini, jua lisimguse. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nikasoma.

"Mume anayesoma maagizo," akasema Ketty. "Agnete, huyo usimwache."

Nilichukua kipimajoto changu cha kazini. Miaka yote nilikitumia kutafuta mahali joto linapotorokea. Sasa nilitembea nacho stoo na bandani nikitafuta baridi nzuri, baridi ya nyuzi nane, kisha ya nyuzi tatu, nikahamisha makopo ya rangi na baiskeli ili chungu kikae mahali penyewe. Kiwavi akapunguza mwendo. Siku ya pili akashuka kwenye neti. Siku ya tatu akazama ndani ya kuvumwani na sikumwona tena. Nilipiga hesabu kwamba alitembea kwa muda wa saa saba, au zaidi. Kila hatua aliyopanda kwenye ile neti alilipia kwa mafuta ambayo hayarudi.

Agnete aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye chungu na magongo yake, akakiinamia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyaweza.

"Tutaona Machi," akasema, akaingia ndani.

Februari ilikuwa ndefu. Mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha yote yakaganda. Nilitoboa matundu mengine matatu chini ya chungu ili maji yasituame. Nilikagua ukungu kila asubuhi kabla ya kahawa. Agnete alifanya mazoezi ya goti lake sebuleni, anahesabu kwa sauti, anauma meno, analia kidogo, anaanza upya. Nilikuwa na viumbe wawili wa kuwastaajabia, na hakuna hata mmoja aliyehitaji ufundi wangu.

Tarehe kumi na saba Machi jua lilitoka kwelikweli. Nilikuwa bandani nikifunga vitu vya kuhama nikasikia naitwa. Agnete alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gongo moja limeanguka, kidole mdomoni kuniashiria nije taratibu. Kiwavi alikuwa juu ya kuvumwani, amejinyoosha, anaota jua. Majira yote ya baridi yalikuwa yamempita juu na yeye yuko pale, manyoya yamechanwa, kama aliyeingia ndani kutafuta miwani yake na kutoka tena.

Nilitaka kupiga kelele.

"Amekonda," akasema Agnete.

Alisema polepole, bila ubaya wowote, lakini neno lile lilinifuata wiki nzima. Alikuwa amekonda kweli. Yule wa nne aliyefika Machi alikuwa mnene kuliko yeye, Agnete alikuwa na vipimo vyake kwenye daftari. Aliota jua siku kumi na nne bila kula chochote. Mapema Aprili akashuka ndani ya kuvumwani akajifungia kwenye kifukofuko kirefu cha kijivu, laini, kama kidole cha glavu kuukuu.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa inategemea kama amebakiwa na mafuta ya kutosha kujigeuza," akasema. "Kazi hiyo ndiyo nzito kuliko zote."

Mei yote tulifunga maboksi. Chungu kiliwekwa ndani ya kizimba cha neti kwenye baraza, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu ya kupita pale. Siku zikaenda. Tarehe ishirini, ishirini na tatu. Sidsel akapiga simu kuuliza lori lije saa ngapi, nikamjibu vibaya, ikabidi nimwombe radhi.

Tarehe ishirini na saba Agnete alipanda basi la asubuhi kwenda mjini kupimwa goti. Mimi nilikuwa jikoni nikivifunga vikombe kwenye magazeti. Kama saa tano nikachungulia barazani.

Alikuwa ametoka. Alikuwa ameshikilia kijiti, mkubwa, mnene, wa rangi ya majivu yenye kahawia kwa mbali, mabawa yamejikunja kama karatasi iliyolowa. Nilisimama pale na kikombe mkononi. Mabawa yalikunjuka kidogo kidogo mbele ya macho yangu, bila haraka, mpaka yakalala yote juu ya mgongo, na juu ya kila bawa la mbele ikapita mistari miwili myembamba ya rangi ya maziwa. Sijawahi kuona kazi safi namna ile. Mtu aliyekula mara ya mwisho Septemba, akalala kwenye barafu, akaoga mvua, akaamshwa na mjinga mmoja bafuni, akajigeuza mwili mzima gizani, na bado mistari imenyooka.

Nikangoja aruke.

Hakuruka. Saa sita ikafika, yuko pale pale. Nikafungua neti upande mmoja. Nikampulizia pumzi kidogo. Akatikisa mguu mmoja, basi. Saa saba. Jua limepasha baraza yote, vipepeo wengine wanarukaruka bustanini, na yeye amekaa na tumbo lake zito kama gunia. Ndipo nikaelewa. Mafuta aliyoyatumia kwenye ule mwendo wa bafuni ndiyo yangekuwa mafuta ya kurukia. Nilikuwa nimemfanya kilema.

Niliketi juu ya boksi la sahani nikashika tama. Ningemwambiaje Agnete?

Alirudi saa tisa, anatembea bila gongo, mkoba begani.

"Ametoka," nikasema. "Lakini..."

Hakusubiri lakini. Alipiga goti mbele ya kizimba, lile goti jipya, na uso wake ukafika karibu na neti mpaka pua ikaigusa. Alikaa hivyo muda mrefu. Miaka saba alikuwa amemngoja.

"Ni jike," akanong'ona.

"Agnete, hawezi kuruka. Tangu saa tano hajasogea hata unyayo. Ni mimi. Ni lile bafu."

Akageuka akanitazama. Kwanza uso wake ulikuwa na mshangao, kisha kitu kingine ambacho sikukielewa.

"Preben, mbona bendera haijapanda?"

"Bendera ya nini?"

"Kuna aliyezaliwa nyumba hii leo, na mlingoti uko mtupu? Majirani watatuonaje?"

"Mama, nakwambia ni kilema!"

"Pandisha bendera. Chemsha kahawa, na ile keki ya mdalasini ilete. Halafu kaa chini."

Nikapandisha bendera ya taifa kwenye mlingoti wa bustani, kama ifanywavyo huku kwetu siku za kuzaliwa. Nikaleta kahawa kwenye vikombe viwili nilivyovifungua upya kutoka kwenye magazeti. Agnete aliifunga neti, akakihamishia kizimba kwenye meza ya bustanini, katikati yetu, kama mgeni wa heshima. Upepo mwepesi ulikuwa unatoka kwetu kwenda nyikani.

"Tunangoja nini?" nikauliza.

"Kunywa."

"Angalau niambie kama umekasirika."

"Mimi nimengoja tangu Januari, bwana wee. Wewe nusu saa tu inakushinda?"

Yapata saa kumi na nusu kitu chekundu kilivuka ua kwa kasi ya kurushwa. Kilikwenda kushoto, kikarudi, kikazunguka mlingoti, kikajibamiza kwenye neti. Nondo dume, mwekundu kama tofali, vipapasio vyake ni manyoya. Kabla sijafunga mdomo akaja wa pili. Wa tatu na wa nne walikuja pamoja. Walitoka upande wa nyika, juu ya shamba la jirani, karibu kilomita nzima, wote wanajua wanakokwenda. Mmoja alianguka kwenye kahawa yangu. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikashindwa. Walimtua Agnete mabegani, kwenye mikono, kwenye nywele zake nyeupe, naye amekaa wima bila kupepesa, anacheka kimya kimya, machozi yanamtoka.

Yule jike hakuwa amesogea. Alikuwa tu ameinua ncha ya tumbo lake kidogo.

"Eti kilema," akasema Agnete. "Anaita, Preben. Tangu mabawa yamkauke anaita. Mchana jike hana safari. Wanaume ndio wa kuhangaika."

"Mbona sisikii kitu?"

"Anaita kwa harufu. Pua ya kuisikia wewe huna, wao wanayo."

Nilimtazama mke wangu na wale nondo kichwani. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya harusi yetu, na siku ya harusi nilimpenda sana. Kwa miaka sita nilimchimbia makaburi, nikadhani anacheza na wadudu.

Akafungua neti. Dume mmoja akaingia, wengine wakatapanyika baada ya muda mfupi kama watu waliosikia mkutano umeahirishwa. Tukala keki yote. Lakini moyo wangu haukutulia, na Agnete aliliona hilo.

"Kuita si kuruka," nikasema.

"Subiri jioni," akasema. Sasa hata yeye alikuwa amepunguza sauti.

Bendera haiachwi juu jua likizama. Mwanga ulipokuwa mwekundu juu ya nyika nilikwenda kwenye mlingoti, nikafungua fundo nikaanza kuishusha. Nyuma yangu Agnete akasema, "Preben." Nikageuka na kamba mikononi. Jike alikuwa amepanda ukingoni mwa kizimba. Mabawa yake yalikuwa yanatetemeka, haraka, haraka zaidi, mwili wote unajipasha moto. Kisha akaachia. Akashuka kidogo kwa uzito wake, moyo wangu ukashuka naye, halafu akainuka. Alipita juu ya meza, juu ya vikombe, juu ya kichwa cha Agnete, akavuka ua, mnene na mwenye haraka, akaelekea nyikani kutaga mayai yake. Tulimfuata kwa macho mpaka akapotelea kwenye rangi ya vichaka.

Agnete hakugeuka kunitazama.

"Hukumuua," akasema.

Nilitaka kumwendea. Lakini bendera ilikuwa nusu mlingoti, mahali pa bendera ya msiba, na haifai kuiacha pale, nilikuwa nimeishika kamba kwa mikono miwili, na sikuwa na mkono wa kujipangusa uso.